Kuchagua Daktari wa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mama yangu anaishi na kisukari kwa miaka 17 sasa, na mimi ndiye ninayempeleka kwa daktari wa miguu. Tumekutana na wataalamu wa kila namna: walioushika mguu wake kama yai, na mmoja aliyeanza kumkata sugu kabla hajauliza anaumwa nini. Ndugu na marafiki wakishajua hayo huniuliza maswali, na maswali yenyewe hujirudia. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu ninayowapa. Mimi si daktari. Ni mtu aliyekaa kiti cha pembeni miaka yote hiyo, akitazama, akiuliza na kusoma.

Daktari wa miguu ni nani hasa? Ana tofauti gani na daktari wa mifupa?

Ni mtaalamu aliyesomea mguu kuanzia kwenye kifundo kwenda chini: ngozi, kucha, mifupa, viungo, neva na mishipa ya damu. Fani yake huitwa podiatria. Mguu mmoja una mifupa 26, hivyo miguu miwili imebeba karibu robo ya mifupa yote ya mwili. Daktari wa mifupa anashughulikia mwili mzima, na kazi yake kubwa ni upasuaji. Sugu, kucha, vidonda vya kisukari, unyayo unaouma, yote hayo ni kazi ya kila siku ya mtu wa podiatria.

Mafunzo yao hayafanani kila nchi. Marekani husoma chuo cha podiatria miaka 4 baada ya shahada ya kwanza, kisha hufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi kwa miaka 3, na akimaliza huruhusiwa kupasua. Uingereza ni shahada ya chuo kikuu, na anayetaka kupasua mifupa huongeza mafunzo mengine juu yake. Kwa hiyo cheo peke yake hakikwambii mtu huyu anaweza kufanya nini. Itabidi umuulize.

Nina sugu na magaga tu. Kweli niende kwa daktari?

Kama ni mzima wa afya, huna kisukari wala tatizo la mzunguko wa damu, magaga ya kawaida utayamaliza nyumbani. Loweka miguu dakika chache, sugua taratibu kwa jiwe, kausha vizuri, paka mafuta mazito au krimu yenye yurea kila usiku. Lakini usipake katikati ya vidole, maana unyevu wa pale huleta fangasi.

Mwone mtaalamu endapo sugu inarudi pale pale kila mara, ina kiini kinachochoma ukikanyaga, imebadilika rangi ikawa nyeusi au nyekundu, au magaga yamepasuka hadi yanatoa damu. Sugu haijioti yenyewe. Ni jibu la ngozi kwa mahali panapoelemewa au kusuguliwa. Anayeikata bila kutafuta kinachoisababisha anakuita urudi tena baada ya wiki sita.

Nina kisukari lakini miguu haiumi kabisa. Kuna haja gani?

Hapa naomba usome pole pole, kwa sababu ndilo swali linalonikosesha usingizi.

Mguu usiouma ndio wa kuogopwa. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu neva, na neva za kwanza kuathirika huwa zile ndefu, zinazofika vidoleni. Ganzi huanzia huko na kupanda polepole, mwenyewe hana habari. Anakanyaga kitu chenye ncha, anaungua kwa maji ya moto, kiatu kinamchuna, na hakuna kengele inayolia. Wakati huo huo mishipa ya damu ya miguuni inaweza kuwa imekuwa myembamba, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakiponi. Ndiyo njia ambayo malengelenge madogo huipita hadi kuwa donda ndugu, na donda ndugu hadi kukatwa kidole au mguu.

Siku moja mama aliingia chumbani kwa daktari akitembea vizuri, anasalimia watu. Daktari alimvua viatu, akavigeuza kimoja kimoja na kuvigonga ukingoni mwa meza. Cha kulia kikadondosha kifungo cha shati. Alikuwa amekikanyaga tangu asubuhi. Chini ya kidole cha pili palikuwa na duara jekundu, na ukiinama karibu uliona hata matundu manne ya kile kifungo yamejichora kwenye ngozi. Mama alikitazama kile kifungo, akaniambia, "Mwanangu, wallahi sikusikia kitu." Tangu siku hiyo hakuna kiatu kinachovaliwa nyumbani kwetu kabla ya kuingizwa mkono ndani.

Kuna kipimo unachoweza kumfanyia mzazi wako leo, kilichobuniwa katika hospitali ya Ipswich, Uingereza. Mwambie afumbe macho. Kwa ncha ya kidole chako cha shahada, gusa kidogo tu, bila kubonyeza wala kusugua, ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho kwenye kila mguu, sekunde moja au mbili kila mahali. Ni sehemu sita. Kila anaposikia aseme, "Ndiyo." Akikosa mbili au zaidi, hisia zake zimepungua na anahitaji kuonwa na mtaalamu. Usirudie kugusa pale alipokosa ili umsaidie. Ukifanya hivyo unajidanganya mwenyewe.

Nitajuaje kama mtaalamu ana sifa?

Anza na usajili. Nchi nyingi zina baraza linaloandikisha watu wa afya, na daftari lake huwa wazi kwa umma. Uingereza, kwa mfano, cheo cha kazi hii kinalindwa na sheria, na hawezi kukitumia mtu asiyekuwa kwenye daftari la Health and Care Professions Council. Tafuta jina lake kwenye daftari la nchi yako. Cheti kilichotundikwa ukutani hakitoshi, kwa sababu usajili unaweza kuwa umekwisha muda au umesimamishwa.

Kisha muulize mwenyewe, kwa adabu lakini bila kuona haya: umesajiliwa wapi, umewahi kutibu watu wangapi wenye shida kama yangu, na likitokea jambo linalokuzidi unanipeleka kwa nani? Hilo la mwisho kwangu ndilo kubwa. Mguu wenye kidonda cha kisukari hautibiwi na mtu mmoja. Unahitaji daktari wa kisukari, daktari wa mishipa ya damu, muuguzi wa vidonda, mtengeneza viatu. Mtaalamu mzuri atakutajia hao bila kusita. Anayesema yote anayamaliza mwenyewe, mimi huaga.

Ziara ya kwanza inapaswa kuwaje?

Mikono na macho kwanza, kisu baadaye. Ningekuwa na kipimo kimoja tu cha kumchagua mtu wa kumshika mama mguu, kingekuwa hicho.

Atakuuliza historia: kisukari, presha, figo, sigara, dawa unazotumia (hasa za kuzuia damu kuganda), mzio, vidonda vya zamani. Atakuvua soksi zote mbili hata kama umekuja kwa ajili ya kidole kimoja. Ataangalia katikati ya vidole, penye ukungu mweupe wa fangasi, na kisigino upande wa nyuma, ambako wewe mwenyewe huoni. Ataushika mguu kwa kiganja kulinganisha joto la huu na la ule.

Halafu vipimo. Kuna uzi wa nailoni, monofilamenti, unaopinda ukibonyezwa kwa nguvu ya gramu 10. Anakuonyesha kwanza mkononi ujue unavyohisi, kisha unafumba macho na yeye anagusa sehemu mbalimbali za unyayo. Ukishindwa kuuhisi, ulinzi unaoupata kwa kuhisi maumivu umeshapungua. Kuna chuma chenye ncha mbili kinachotetemeka mara 128 kwa sekunde. Anakigonga na kukisimamisha juu ya mfupa wa kidole gumba, nawe unamwambia lini mtetemo umekoma. Kisha anatafuta mapigo ya damu mahali pawili: juu ya mguu, na nyuma ya kifundo upande wa ndani. Asipoyapata kwa vidole hutumia kifaa cha doppler, na hapo unaisikia damu yako ikipita, shwaa, shwaa. Mama hupenda sana hiyo sauti.

Wengine hupima presha ya kifundo na kuigawanya kwa ya mkono. Jibu likiwa chini ya 0.9, mishipa ina walakini. Tahadhari moja: kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu mishipa huweza kukakamaa na kutoa namba nzuri ya uongo, ndiyo maana mtaalamu makini hupima na presha ya kidole cha mguu.

Mwisho atakwambia utembee. Yeye atakutazama kwa nyuma. Na ataviangalia viatu vyako, soli imelika upande gani.

Huyo aliyemkata mama sugu bila kuuliza hakufanya hata kimoja cha hivyo. Alikata mpaka damu ikatoka, akafunga bandeji, akasema patapona. Palichukua miezi mitatu.

Niende na nini siku hiyo?

Viatu unavyovaa siku nyingi, vilivyochakaa. Acha vile vya sherehe. Orodha ya dawa. Majibu ya karibuni ya sukari kama unayo. Usipake rangi ya kucha, kwa kuwa rangi ya ukucha humwambia daktari mengi. Na usijikate kucha wala sugu jana yake ili uonekane nadhifu, utakuwa umefuta ushahidi.

Vifaa vyake nitajuaje kuwa ni safi?

Tazama tu. Vifaa vya chuma vinapaswa kutoka kwenye mfuko uliofungwa, unaofunguliwa mbele yako, wenye alama iliyobadilika rangi kuonyesha kuwa umepita kwenye mashine ya mvuke wenye shinikizo, otoklevu. Wembe wa kisu uwe mpya, utoke kwenye pakiti yake na uishie kwenye kasha la vitu vyenye ncha. Glavu zibadilishwe kwa kila mgonjwa. Anaposaga ukucha kwa mashine avae barakoa, kwa sababu vumbi lile lina fangasi.

Kufuta mkasi kwa spiriti na kuuhamishia mguu wa pili hakutoshi. Una haki ya kuuliza, "Samahani daktari, hivi vimechemshwaje?" Anayefanya kazi safi hufurahi kuulizwa.

Anayenitengeneza miguu saluni si anatosha?

Kwa mguu mzima na kucha za kawaida, anatosha, mradi vifaa vyake ni safi. Kwa mwenye kisukari, ganzi, damu isiyofika vizuri, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, hapana. Dawa za madukani za kubandua sugu nazo ziepukwe na watu hao. Ni asidi, na haijui sugu inaishia wapi na nyama inaanzia wapi.

Ukucha umeingia nyamani. Nikatweje?

Ukucha wa mguu hukatwa ukiwa umenyooka, bila kuchimba pembeni. Wengi hujiumiza kwa kuchimba, kipande chenye ncha kinabaki ndani, kisha kinakua na kuchoma nyama.

Ukiwa umevimba, unatoa usaha na hauguswi, mtaalamu hudunga sindano ya ganzi kwenye kidole, huondoa ukanda mwembamba wa ukucha upande ule tu, kisha hupaka fenoli kwenye mzizi ili ukanda huo usiote tena. Ni kazi isiyozidi saa moja, na unarudi nyumbani kwa miguu yako ukiwa na kiatu cha wazi. Muulize kama anatumia fenoli au njia nyingine ya kuua mzizi, kwa sababu bila hiyo ukucha hurudi mara nyingi zaidi. Na umuulize kwa nini, iwapo anataka kung'oa ukucha mzima. Kuna sababu halali, lakini mara nyingi ukanda unatosha.

Kucha zimekuwa nene na za njano. Ni fangasi?

Huenda. Huenda pia ni kuumia kwa muda mrefu kwenye kiatu cha kubana, au ugonjwa wa ngozi kama soriasisi. Mtaalamu anayestahili hela yako atachukua kipande cha ukucha kwenda maabara kabla ya kukupa vidonge vya kumeza wiki 12, ambavyo baadhi ya watu huwaathiri ini. Na akuambie ukweli kuhusu muda: ukucha wa kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu kuota wote upya. Anayekuahidi kucha nzuri baada ya mwezi anakuuzia kitu kingine.

Kisigino kinauma asubuhi nikikanyaga hatua za kwanza. Ananiuzia soli maalumu. Ninunue?

Hiyo dalili ya hatua za kwanza, zikifuatiwa na nafuu kidogo, mara nyingi ni utando wa chini ya unyayo uliochokozwa. Wengi hupona ndani ya mwaka bila upasuaji: kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu na unyayo kila siku, kiatu chenye kisigino laini kilichoinuka kidogo, kupunguza kusimama, kuacha kutembea peku kwenye sakafu ngumu.

Soli ya ndani husaidia baadhi ya watu. Lakini kwa tatizo hili, soli iliyotengenezwa kwa kipimo cha mguu wako haijaonyesha kuizidi kwa kiasi kikubwa ile ya kununua tayari, na bei hazikaribiani. Jaribu ya kawaida kwanza. Mambo ni tofauti kwa mtu mwenye ganzi aliyewahi kupata kidonda: huyo soli na viatu vya kupimwa ni tiba yake, asivinyimwe. Kwa hiyo muulize daktari, "Soli hii inaenda kupunguza uzito sehemu gani ya mguu wangu?" Akushike pale penyewe akuonyeshe. Asipoweza, iache.

Nina nundu pembeni mwa kidole gumba. Nipasuliwe?

Kama haiumi, la. Mfupa uliopinda hunyooshwa kwa upasuaji tu, hivyo vifaa vya kuvalia usiku vinavyoahidi kuunyoosha visikutoe pesa. Vinaweza kutuliza, basi. Kiatu kipana mbele ndicho kinachowasaidia wengi. Maumivu yakizidi na kutembea kukawa shida, hapo zungumzieni upasuaji, na usikie maoni ya mtaalamu wa pili. Kupona huchukua miezi. Kupasuliwa kwa sababu ya muonekano peke yake sikushauri.

Mtoto wangu ana nyayo bapa.

Karibu watoto wote wadogo wanazo, na tao la unyayo hujitokeza polepole miaka ya utotoni. Msimamishe kwa ncha za vidole: tao likionekana na haumwi, muache akimbie. Akiumwa, akichoka haraka kuliko wenzake, mguu ukiwa mgumu au mmoja ukitofautiana na mwingine, mpeleke. Jihadhari na anayemwandikia kila mtoto soli.

Nirudi mara ngapi?

Asiye na tatizo arudi akiwa na tatizo. Kwa wenye kisukari, kikundi cha kimataifa kinachoshughulikia mguu wa kisukari, IWGDF, kimepanga hivi: mwenye hisia na damu nzuri aangaliwe mara moja kwa mwaka, aliyepoteza hisia au mwenye shida ya mishipa, kila miezi 6 hadi 12, mwenye hayo yote mawili, au moja lake pamoja na mguu uliopinda umbo, kila miezi 3 hadi 6, na aliyepoteza hisia au mwenye shida ya mishipa ambaye pia amewahi kupata kidonda au kukatwa, au figo zake zimeshindwa, kila mwezi 1 hadi 3. Muulize daktari wako uko kundi gani. Akiwa hajui kukujibu, hajakupima.

Ninakoishi hakuna mtaalamu wa podiatria kabisa.

Kuna watu wengi wa namna yako, na msikate tamaa. Kliniki ya kisukari ndiyo mlango wa kwanza: muuguzi aliyefundishwa kupima miguu, mwenye uzi wake wa gramu 10 mfukoni, anaokoa miguu kuliko bingwa asiyegusa mgonjwa. Daktari wa mifupa, wa ngozi, hata wa kawaida anayekubali kuinama na kutazama, wote wanafaa kuanzia. Maswali ya kuwachuja ni yale yale. Nyumbani, tazama nyayo kila jioni kwa kioo kilichowekwa sakafuni, au mwombe mtoto akutazamie.

Nimeshazoeana na daktari wangu, naona aibu kumhama.

Najua. Sisi tulichelewa mwaka mzima kwa aibu hiyo hiyo, eti mzee wa watu ametupokea vizuri. Omba nakala ya taarifa zako, mshukuru, nenda. Huna deni la maelezo.

Ni wakati gani nisisubiri miadi?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya: kidonda kipya kwenye mguu wenye ganzi, hata kikiwa kidogo kama punje; wekundu unaopanda, harufu, usaha au homa; kidole kilichogeuka cheusi, au mguu uliopoa ghafla na kubadilika rangi.

Na hili, ambalo hata baadhi ya wahudumu hulikosa: mguu wa mwenye kisukari uliovimba, mwekundu, wenye joto kuliko mwenzake, bila kidonda na bila maumivu makubwa. Inaweza kuwa mguu wa Charcot, mifupa inavunjika na kusambaratika ndani huku mtu anaendelea kuukanyaga. Ukiambiwa umeteguka tu au ni maambukizi ya ngozi, lakini mguu una ganzi, taja jina hilo mwenyewe: "Daktari, inaweza kuwa Charcot?" Mpaka ujibiwe, usiukanyage huo mguu.